Mwiba Uliobaki Ndani ya Tairi

Somo la Jumapili ya tatu ya Majilio linatoka Injili ya Luka, sura ya 3. Yohana yuko kando ya Yordani, watu wamemwendea makundi kwa makundi, naye amekwisha kuwapa maneno makali juu ya toba. Mimi kinachonishika ni kile kinachofuata. Watu wale hawaondoki wakinung'unika, wala hawaishii kulia. Wanauliza swali la watu wa kazi: basi, tufanye nini? Na Yohana hawapi wote jibu moja. Mwenye kanzu mbili anaambiwa habari za kanzu. Mtoza ushuru anaambiwa habari za kiwango cha ushuru. Askari anaambiwa habari za mshahara wake na za kuwanyang'anya watu kwa nguvu. Kila mmoja anaguswa palepale anaposhika kazi yake kila siku.

Najiuliza angewaambia nini watu wa huku kwetu. Wilaya za Tarime na Serengeti zinaishi juu ya pikipiki. Mama anayekwenda kliniki, gunia la mahindi, mkungu wa ndizi, kahawa inayoshuka kutoka milima ya Tarime, mwalimu aliyepangiwa shule ya mbali, mwinjilisti mwenye mitaa mitatu ya kuhudumia Jumapili moja: wote wanategemea magurudumu mawili na kijana aliyeshika usukani. Na magurudumu hayo yanategemea hewa iliyofungiwa ndani ya mpira mwembamba. Hewa ikitoka, mama hafiki, ibada haianzi, dawa haifiki, na kijana hana hesabu ya kumpelekea bosi jioni.

Anayeifahamu barabara ya Tarime kwenda Mugumu, ile inayopita Nyamwaga na Nyamongo kabla ya kuvuka Mto Mara, anajua kwamba pancha huku ni sehemu ya safari. Upande wa milimani kuna mawe yenye makali. Ukishavuka mto na kuelekea Mugumu, Nata na Ikoma, unakutana na udongo mweusi ambao mvua za vuli huugeuza utelezi, na jua likiwaka hukauka ukabaki mashimo magumu ya nyayo za ng'ombe. Halafu kuna miiba. Matawi ya migunga hukatwa kwa ajili ya kuzungushia maboma ya mifugo, yanaburutwa njiani kutoka porini hadi nyumbani, na kila yanapopita yanaacha miiba yake. Mwiba mkavu wa mgunga hauhitaji kusukumwa sana. Unaingia kwenye tairi lililolika, unavunjika, na kichwa chake kinapotea kabisa kwa nje.

Nimekaa mara nyingi kwenye benchi la fundi pancha nikisubiri, na kukaa huko kumenifundisha kuiheshimu sana kazi hii. Watu wanaiona ni kazi ya mtu aliyekosa kazi: pampu, beseni la maji, vipande vya tyubu kuukuu, kivuli cha mti. Lakini mwangalie fundi mwema anavyofanya. Anafungua gurudumu, anamalizia kutoa upepo uliobaki, anakanyaga ukingo wa tairi mpaka uachane na rimu, ndipo anaingiza vyuma vyake na kulibandua upande mmoja. Anaivuta tyubu, anaijaza upepo mpaka ivimbe, anaizamisha kwenye beseni kipande kwa kipande. Mapovu yakipanda, anaweka alama. Kama hakuna maji, anaipitisha tyubu karibu na shavu lake au midomo yake, kwa sababu ngozi ya uso inahisi upepo mdogo ambao kiganja kilichokomaa hakiwezi kuuhisi.

Kisha anaikausha na kuisugua kwa msasa mpaka mpira upoteze mng'ao wake. Anapaka sulusheni, anaitandaza vizuri kuzidi ukubwa wa kiraka, halafu anaiacha. Hapo ndipo fundi mwema anapoachana na fundi wa haraka. Gundi ile inatakiwa ikauke kwanza. Ukibandika kiraka ingali mbichi, kitashika mbele ya macho yako, utalipa, utaondoka, na joto la barabarani litakiinua kabla hujafika. Abiria ana haraka, dereva ana haraka, na fundi anaketi tu akiitazama gundi. Wapo pia wanaochoma: wanakibana kiraka kwenye tyubu kwa kipande cha pistoni kuukuu, wanamimina mafuta kidogo kwenye bakuli lake, wanawasha moto, na joto linavishikamanisha kiraka na tyubu vikawa kitu kimoja. Nayo ina subira yake, maana ukizidisha moto unaiunguza tyubu yote.

Baada ya hapo dereva huwa amekwisha kusimama. Tyubu imezibwa, anachotaka ni kuondoka. Lakini fundi hairudishi tyubu bado. Anachukua kitambaa, anakipitisha ndani ya tairi mzunguko mzima, polepole, akisubiri kinase. Dereva anamhimiza. Nilimsikia mmoja akijibu, bila kuinua macho: "Ngoja, mura. Bado sijamwona aliyekutoboa."

Jibu hilo nimelichukua kwenda nalo mimbarani.

Mwiba ukibaki ndani ya tairi, kiraka kizuri kuliko vyote hakikupi zaidi ya kilomita chache. Tyubu ile ile itatobolewa pale pale au kando kidogo, na dereva atalalamika kwamba fundi ni mbaya, gundi ni feki, tyubu ni ya bei rahisi. Kumbe kazi iliishia kwenye jeraha, na kilichojeruhi hakikuguswa.

Fundi mwenye uzoefu hata kabla ya kulipapasa tairi anakuwa ameanza kulisoma tundu lenyewe. Tundu dogo upande wa nje wa tyubu, ule unaoelekea barabarani, linasema mwiba au msumari. Tundu upande wa ndani, unaolala juu ya rimu, linasema kichwa cha spoki kimechomoza, au ule utepe unaofunika vichwa vya spoki umechakaa, na dawa yake ni kukata ukanda wa tyubu ya zamani na kuuzungushia rimu kabla ya kitu kingine chochote. Mipasuko miwili midogo iliyolala sambamba inasema tairi lilikuwa na upepo mdogo, likapiga jiwe likiwa limebeba mzigo, na tyubu ikabanwa kati ya jiwe na rimu. Hapo mwiba utautafuta usiupate, kwa maana mwiba haukuwepo. Kilichotoboa ni abiria watatu waliopandishwa mishikaki, au magunia mawili juu ya tairi lililokuwa halijajazwa upepo tangu wiki iliyopita. Na vali iliyokatika kwenye mzizi wake inasema tairi lilikuwa linateleza juu ya rimu kwa kukosa upepo, likawa linaivuta tyubu kidogo kidogo mpaka ikachanika. Hilo kwa kawaida halizibiki, tyubu mpya tu.

Kwa hiyo pancha nne zinazofanana kwa mtu aliyekwama njiani zina visababishi vinne, na kila kimoja kina dawa yake. Nikirudi kwa Yohana nauona utaratibu huohuo. Watu wote wale wamekuja na hitaji moja, wote wanataka kubatizwa. Yeye anatazama tundu la kila mmoja liko upande gani.

Sisi wachungaji tumezoea sana kuziba. Mume na mke wanaletwa ofisini, mke ana uvimbe usoni. Tunaongea, tunasali, wanashikana mikono, tunawasindikiza hadi getini. Baada ya muda mke anarudi na uvimbe mwingine, nasi tunarudia sala ile ile. Ni mara chache tunauliza pombe ile inanunuliwa wapi na kwa fedha ya nani, au ni nani katika ukoo anamwambia yule mume kwamba mke asiyepigwa hana adabu. Mapatano yetu yalikuwa ya kweli, na machozi yao yalikuwa ya kweli. Ila tulikuwa bado hatujamwona aliyetoboa.

Mpira wenyewe una historia inayotuhusu hapa, na waumini wetu wengi hawajawahi kuisikia. Tairi la upepo tunalolitumia leo lilianza kuenea baada ya mwaka 1888, pale John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyekuwa akiishi Belfast, alipolitengeneza kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Miaka michache baadaye Ulaya na Marekani zilikuwa zinautaka mpira kuliko ulivyoweza kupatikana, na mpira wa porini ulikuwa umejaa katika misitu ya Kongo, nchi ambayo tangu 1885 Mfalme Leopold II wa Ubelgiji aliishika kama mali yake mwenyewe. Watu walilazimishwa kwenda msituni kugema. Kijiji kilichopungukiwa kiwango kilishikiwa wanawake mateka, kilichomewa nyumba, na watu walikatwa mikono.

Kwenye misheni ya Baringa alikuwako mmisionari Mbaptisti, Alice Seeley Harris, aliyekuwa na kamera. Mwaka 1904 alimpiga picha baba mmoja, Nsala, ameketi akitazama mkono na mguu wa binti yake mdogo, vyote vilivyobaki kwake. Misheni ingeweza kutosheka na kufunga majeraha na kuwafariji wafiwa. Hiyo nayo ni kazi ya Mungu, sitaki kuipunguza. Lakini Alice na mumewe John waliuliza zaidi. Waliona kwamba kisu kinashikwa na askari wa kijijini, ila anayekituma yuko mbali, kwenye ofisi na masoko ya Ulaya. Wakazichukua zile picha, wakazunguka nazo Uingereza na Marekani, wakizionyesha ukutani kwa taa mbele ya makutaniko ya watu waliokuwa wakipanda baiskeli bila kujua mpira ule ulitoka wapi. Mwaka huohuo wa 1904 balozi mdogo wa Uingereza, Roger Casement, alitoa taarifa yake juu ya Kongo. Mwaka 1908 Leopold alinyang'anywa ile nchi. Mateso ya watu wa Kongo hayakuishia hapo, lakini waliokuwa wakipata faida kwa mkono uliokatwa walikuwa wamejulikana kwa majina.

Nalisema hili mwezi wa Desemba kwa sababu maalumu. Huku kwetu Desemba ni mwezi ambao mabinti wanakimbia.

Kila mtu wa Tarime na Serengeti anajua, hata kama hapendi kulisikia kanisani. Shule zikifungwa, hasa katika miaka inayogawanyika kwa mbili, msimu wa tohara unapoanza, wapo wasichana wanaotoka nyumbani usiku kukwepa kisu. Sheria ya mwaka 1998 ilifanya kumkeketa binti aliye chini ya miaka 18 kuwa kosa la jinai, na adhabu yake inaweza kuwa kifungo cha miaka 5 hadi 15. Hata hivyo utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba mkoani Mara karibu mwanamke mmoja kati ya watatu wa umri wa miaka 15 hadi 49 alikuwa amekeketwa, wakati kwa nchi nzima alikuwa mmoja kati ya kumi. Kituo cha Masanga, wilayani Tarime, kimekuwa kikiwapokea mabinti hao kwa miaka mingi. Mugumu kuna nyumba salama tangu mwaka 2014, kazi iliyoongozwa na mama Rhobi Samwelly, ambaye yeye mwenyewe alipitishwa kwenye kisu akiwa binti mdogo na akanusurika kufa. Tangu mwaka 2015 wapo hata watu wa kujitolea kutoka nchi mbalimbali wanaochora ramani za vijiji vyetu kwenye kompyuta, kupitia mradi wa Crowd2Map, ili anayekwenda kumwokoa binti usiku aijue njia.

Ramani ikishachorwa, simu ikishapigwa, bado kunabaki kipande cha njia kisichopitika kwa gari. Kipande hicho mara nyingi ni cha pikipiki. Ndiyo maana mimi siwezi kuliona tairi kipara kama jambo dogo. Mwiba mmoja njiani saa saba usiku unaweza kumfanya binti asifikiwe kabla hakujapambazuka, na tohara hufanywa alfajiri.

Wanaowatunza mabinti hawa wanajua fika kwamba kuokoa ni nusu ya kazi. Msimu ukiisha, binti lazima arudi nyumbani au atafutiwe pa kuishi. Wazazi wanaitwa, Dawati la Jinsia na Watoto la polisi linahusishwa, panafanyika mapatano, mzazi anaweka sahihi kwamba binti hataguswa. Wengi wanarudi salama, na tumshukuru Mungu kwa hilo. Wapo ambao mlango unafungwa mbele yao.

Tukilipapasa tairi tunakuta nini? Tunakuta mahari. Tunakuta baba aliyekwisha kuwahesabu ng'ombe ambao hawajaletwa, kwa sababu ameambiwa binti asiyekeketwa hawezi kuolewa. Tunakuta ngariba ambaye kila kichwa kinampa ada, na ambaye alisalimisha kisu mbele ya viongozi, akapigiwa makofi, akarudi kwenye nyumba isiyo na kipato kingine. Tunakuta mgawo wa ada hiyo unaowafikia wazee wa mila. Tunakuta mama mkwe anayemzuia mkwewe asiyekeketwa asishike mlango wa zizi. Tunakuta vijana wa kiume, wengine wao wanaimba kwenye kwaya zetu, wanaosema hadharani kwamba wanapinga ukeketaji na kimyakimya wanatafuta mke aliyekeketwa. Mahubiri ya jumla juu ya upendo hayaugusi hata mmoja wa miiba hii.

Sasa turudi kwenye swali la Yordani. Tufanye nini?

Baba, jibu lako lina ng'ombe ndani yake. Sema mbele ya ukoo, mwezi huu, kwamba binti yako hatakeketwa na kwamba hutapokea posa kwa sharti hilo. Kijana, sema mbele ya kijiwe kwamba utaoa binti asiyekeketwa, kisha umwoe. Hakuna kitakachouvunja mwiba huu upesi kuliko vijana wa kiume mia moja kutimiza neno hilo. Wazee wa mila, mnaheshimika, na heshima hiyo mnayo hata pasipo mgawo ule. Nasi usharika hatuwezi kumdai ngariba toba huku tukimwacha na njaa. Ikiwa ameacha kisu, shamba lake lilimwe, na kikundi cha akina mama kimpokee kwenye mfuko wao. Nalitaka hilo lijadiliwe kwenye baraza la wazee wa kanisa kabla ya Krismasi.

Vijana wa bodaboda, ninyi ndio niliowakusudia tangu mwanzo. Nawapenda, na nimebebwa nanyi kwenye mvua na kwenye giza. Nianze na lililo zito. Mnajua nani amepakiwa kwenda wapi. Binti anapopandishwa katikati ya shangazi na dereva usiku wa Desemba, akivushwa njia za panya kuelekea upande wa Kenya, kijana aliyeshika usukani anajua. Nauli hiyo msiipokee. Pigeni 116, simu ya huduma kwa mtoto, ni bure, au mwambieni mtendaji, au mimi. Na yule mwanafunzi unayempa lifti kila asubuhi bila kudai nauli, unajua unachokusudia kumdai baadaye. Hiyo nayo ikome.

Halafu lililo dogo, ambalo si dogo. Abiria mmoja, na kofia ngumu kwa wote wawili. Jaza upepo asubuhi kabla ya kazi, ukizidisha kidogo nyuma kwa ajili ya mzigo kama kiwanda kilivyoelekeza, usisubiri tairi lianze kucheza. Tairi lililofika kwenye nyuzi usilihamishie mbele ili kulimalizia. La nyuma likipasuka una nafasi ya kupambana, la mbele likipasuka kwenye mteremko huna. Na la mbele likikupasukia, usiikamate breki ya mbele. Shika usukani kwa mikono miwili, achia mafuta taratibu, acha mwendo upungue wenyewe, ndipo uguse breki ya nyuma kidogo kidogo. Kama limepasuka la nyuma, tumia ya mbele kwa upole. Ukipata pancha, shuka, mshushe na abiria, uisukume. Kuendesha juu ya tairi lisilo na upepo kunaimaliza tyubu na kunaikunja rimu, na pancha iliyokuwa ya kiraka kimoja inakuwa ya gurudumu zima. Ile dawa ya maji inayomiminwa ndani ya tyubu inasaidia kwa vitundu vidogo, lakini mjue kwamba ikishasambaa ndani, kiraka kinakuwa na kazi kubwa kushika. Ukikwama porini bila kiraka, unaweza kuikunja tyubu pale ilipotoboka na kuifunga fundo kwa ukanda wa mpira, ukaijaza, ukajikokota hadi kwenye makazi. Kama umebeba mjamzito, usipoteze muda hata kwa hilo: piga 115, namba ya bure ya m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022, uwaambie ni wapi ulipo.

Ninyi wenye pikipiki, mnaopokea hesabu kila jioni, Yohana asingewapita. Kijana anaendesha kwenye kipara kwa sababu mmemwambia tairi ni juu yake, na akishatoa hesabu hakibaki kitu cha kununulia. Chombo ni chenu, faida ni yenu, na tairi ni lenu. Andikeni hivyo kwenye mkataba. Mwenye boma, umeburuta matawi yako kuvuka njia ya watu, rudi na jembe na mtoto mmoja uiokote miiba yako. Fundi, usimuuzie mtu tyubu iliyozibwa kama mpya, na usiirudishe tyubu ndani ya tairi kabla hujamwona aliyetoboa, hata kama dereva anakutukana kwa kumchelewesha.

Sikusema hayo kwa kuwa ufalme wa Mungu unaishia kwenye pikipiki. Nimeyasema kwa sababu Luka anatuonyesha nabii aliyeshuka mpaka kwenye kanzu ya pili na kiwango cha ushuru, wakati watu wakimngoja Masihi na wengine wakidhani ni yeye. Aliwarudisha kwenye kazi zao, kisha akawaambia anakuja mwenye nguvu kuliko yeye. Hakuna aliyeambiwa aiache kazi yake, hata mtoza ushuru, hata askari. Hilo linanipa moyo kwa ajili ya kila mtu niliyemtaja hapa, pamoja na ngariba, ambaye kazi yake ndiyo pekee katika orodha yangu isiyoweza kubaki, na ambaye kwa hiyo anatudai zaidi.

Tangazo linalofuata ni sehemu ya tafakari hii. Jumamosi, saa 3 asubuhi, mafundi pancha wawili wamekubali kuja uani kwa kanisa kutufundisha. Wainjilisti wote waje, na wahudumu wa afya wa vijiji, na akina mama mnaoendesha. Walimu wa sekondari, waleteni wasichana wanaopenda kujifunza ufundi. Vijana wa vijiweni mje hata kama mnajua, mtusaidie kufundisha. Kila mtaa utapewa mfuko wenye viraka, sulusheni, msasa, pampu ya mkono na tyubu moja ya akiba, ukae kwa mzee wa kanisa na utolewe kwa yeyote atakayekwama karibu, awe muumini au asiwe. Sadaka ya pili ya Jumapili itanunua hiyo mifuko. Mje na tyubu zenu kuukuu, hata zilizojaa viraka. Beseni na maji tutakuwa navyo.